Mikate ya Bwana Rudge

Mtu anayeishi peke yake, tena mzee wa miaka sabini na nane mwenye meno ya bandia, anunue mikate minne kwa mpigo ya nini? Swali hilo lilimganda Hilary Pargeter tangu Jumatano asubuhi. Aliyemletea ni Beryl Tranter wa kaunta ya chai na mikate, ambaye kikombe chake hakiji bila umbea pembeni.

“Tena si mikate mibichi, mwenzangu,” Beryl alisema, akifuta kaunta ambayo tayari ilikuwa safi. “Kaomba ya juzi. Ile mikavu wanayotupiwa bata mtoni. Nikamuuliza, Denzil, una wageni? Kacheka tu, kaondoka na mfuko wake.”

“Labda anawalisha ndege.”

“Denzil? Ndege wakitua kwenye kabichi zake anawatoa kwa fagio!” Beryl aliinama karibu. “Na jana mlangoni kwake alisimama yule bwana wa koti la kijani. Yule muuza vitabu wa maonyesho ya Ludlow, mwenye kidevu kama cha mbuzi. Walipeana kitu. Kifurushi.”

Hilary alikunywa chai yake bila kuonja. Jumatatu, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amempa Denzil Rudge kitabu cha Kezia.

Nyumba ya Vitabu vya Watoto ya Clunbrook si kubwa. Ni vyumba vitatu na jiko, paa lililotambaliwa na majani ya ivi, na makabati ya vioo yenye vitabu walivyosomeshwa watoto wa Kiingereza tangu enzi za mawigi. Hilary alikuwa mhifadhi wake kwa miaka mingi, na Denzil alikuwa mmoja wa wanaojitolea. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, fundi kwelikweli, aliyewafanyia kazi matajiri wa London hadi macho yalipochoka akarudi kwao. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akishona migongo iliyofumuka na kubandika kurasa zilizolegea, bila kudai hata peni. Ukimuuliza mtu yeyote wa Clunbrook atakwambia kuwa Denzil Rudge hata mwavuli uliosahauliwa huutembeza mtaa mzima akimtafuta mwenyewe.

Lakini shaka ikishaingia kichwani haiombi ruhusa ya kukaa.

Kitabu chenyewe kilikuwa kidogo, kinatosha kiganjani, kilichapwa London mwaka 1806. Hadithi yake ilikuwa ya kuchosha kama mahubiri ya mchana: binti mwongo anashika moto na kuungua, binti mtiifu anapewa keki. Ndivyo vilivyokuwa vitabu vya watoto zama zile. Wakubwa waliandika jinsi walivyotaka watoto wawe, na watoto wenyewe waliwaza nini hakuna aliyeuliza. Ila katika kitabu hiki mtoto mmoja alikuwa amejibu. Pembeni mwa picha ya binti anayeungua, kwa penseli, aliandika: *Mimi nilidanganya na sikuungua.* Chini ya yule mwenye keki: *Huyu simpendi.* Na ukurasa wa mwisho: *Kezia Bott. Baba anafua misumari.*

Hilary alipokisoma mara ya kwanza alicheka hadi akalia. Mtoto wa mfua misumari, mwenye masizi puani, anamsuta mwandishi mzima wa London! Tangu siku hiyo Kezia alikuwa kazi yake, na tuseme ukweli, alikuwa pia mtoto wake, maana mwingine hakuwa naye.

Wataalamu hawakuamini. Shule za Jumapili, walisema, ziliwafundisha watoto wa maskini kusoma ili waisome Biblia, lakini kuandika ziliwanyima, wasije wakaanza kuandika madai. Huyu Kezia wako kajifunza wapi? Mmoja wao akaandika katika jarida kwamba penseli ile “imejitokeza kwa wakati unaofaa sana.” Hakusema ni Hilary aliyeandika. Hakuwa na haja. Kila aliyesoma alielewa, na Hilary alielewa kuliko wote.

Sasa Jumamosi alikuwa anakuja Daktari Imogen Slade, mwanamke aliyekuwa akimalizia historia kubwa ya usomaji wa watoto Uingereza. Angeleta lenzi na taa yake aipime penseli ile kwa macho yake. Akiridhika, Kezia Bott ataingia kwenye historia pamoja na watoto wa mabwana. Asiporidhika, Hilary Pargeter atakufa akiitwa mwongo.

Na kitabu kiko kwa mzee anayenunua mikate mikavu.

Alhamisi alishindwa kuvumilia. Alichukua chupa ya jamu ya machungwa iwe kisingizio, akapanda kilima hadi kwa Denzil. Kibanda cha kazi kilikuwa nyuma ya bustani, na mlango wake, ambao kila siku huwa wazi hata kwenye baridi, ulikuwa umefungwa. Alibisha. Ndani kitu kilianguka, kisha maji yakamwagwa.

Denzil alitoka kwa upande kama mtu anayezuia paka asitoke, akauvuta mlango nyuma yake. Mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwikoni, na ilinuka klorini kama bwawa la kuogelea la shule.

“Bi Pargeter! Mbona hukupiga simu?”

“Nimepiga. Hupokei.”

“Ah, niko kazini, sisikii.” Alikuwa na furaha ya ajabu usoni, furaha ya mtu mwenye siri. “Hiyo jamu ni yangu? Mungu akubariki.”

“Kitabu kinaendeleaje, Bwana Rudge? Mishono miwili mitatu tu, si ulisema?”

“Kinaendelea.”

“Naweza kukiona?”

“Hapana!” Alisema haraka mno, na mwenyewe akatambua. “Yaani, bado. Jumamosi asubuhi utakipata, kabla mgeni hajaja. Niamini.”

Neno *niamini* ndilo lililommaliza. Kwa miaka kumi na moja Denzil hakuwahi kuhitaji kulisema. Hilary aliaga, akazunguka ua wa waridi, halafu, mwanamke wa miaka sitini na moja, msomi, mshika dini, akachuchumaa kwenye matope na kuchungulia dirishani.

Ndani kulikuwa na kamba, na kwenye kamba karatasi ndogo zilianikwa kama leso. Zilikuwa na maandishi ya chapa ya zamani, yenye picha, za ukubwa uleule wa kiganja. Zilikuwa nyeupe pe, nyeupe ya juzi, bila doa, bila alama ya kidole, bila penseli.

Alirudi mjini bila kujua miguu inakanyaga wapi. Alikumbuka maneno ambayo Denzil aliwahi kumwambia wakila biskuti, kwamba enzi zake London angeweza kuufanya ukurasa wa miaka mia mbili uonekane umezaliwa jana. Wakati ule alicheka tu, hakumuuliza kwa vipi. Sasa hesabu ilijipanga yenyewe. Anayejua kufanya cha kale kiwe kipya, atashindwa vipi kutengeneza kipya akakifanya cha kale? Mzee anatengeneza nakala. Atamletea nakala Jumamosi, na kitabu cha Kezia kitakwenda na lile koti la kijani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mikate hakuielewa bado, lakini kwa hali aliyokuwa nayo hata mikate ilionekana ina hatia.

Ijumaa alifanya jambo ambalo asingependa lijulikane. Aproni ya Denzil huning'inia nyuma ya mlango wa jiko la Nyumba. Aliingiza mkono mfukoni mwake. Akatoa makombo ya mkate, na utepe mwembamba wa hariri, wa bluu, mpya, ungali umekunjwa kama ulivyotoka dukani.

“Wapigie polisi,” Beryl alisema.

“Nikisema nini? Kwamba mtu ana makombo mfukoni?”

“Basi muulize usoni.”

“Akikana?”

“Denzil hajui kukana. Akidanganya masikio yanakuwa mekundu.” Beryl alimtazama vizuri, sasa bila mzaha. “Lakini Hilary, wewe unaamini kweli? Denzil huyu wetu?”

Hilary aliukunja upya ule utepe wa bluu. Ndiyo, aliamini. Alikuwa ameshutumiwa kwa muda mrefu mno yeye mwenyewe, hata akasahau kuwa duniani kuna watu wasiodanganya.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Daktari Slade alitoka kituoni kwa miguu, mwembamba, mpole, mwenye mwavuli mweusi na mkoba wa vyombo vyake. Alisifu ivi, akasifu makabati, akakubali skonzi moja ya Beryl na kuipaka jamu kabla ya malai, mpangilio ambao Waingereza huugombania kama dini, na uliomfanya Beryl amwangalie kwa jicho jingine. Aliweka taa yake juu ya meza, akaweka na lenzi. Kisha akaweka mikono mapajani akasubiri.

“Kitabu kinakuja,” Hilary alisema. “Kilikuwa kwa fundi.”

“Wiki hii?” Daktari Slade aliuliza, kwa upole uleule.

Denzil aliingia amevaa tai. Hilary hakuwahi kumwona na tai isipokuwa kwenye mazishi ya mkewe. Mkononi alikuwa na kifurushi cha karatasi kilichofungwa kwa utepe wa bluu wa hariri, mwingine kama ule wa mfukoni, na uso wake uling'aa. Alikiweka mbele ya Hilary kwa mikono miwili.

“Fungua, Bi Pargeter. Ni chako.”

Alifungua. Kilikuwa kizuri, hilo asingeweza kukataa. Kilikuwa kizuri kama kitabu cha bibi arusi. Alifunua ukurasa wa moto. Binti mwongo aliungua peke yake, pembeni mwake weupe mtupu. Alifunua keki. Weupe. Alifunua mwisho.

“Hiki si kitabu changu,” Hilary alisema, na sauti yake haikuwa yake. “Chetu kiko wapi, Bwana Rudge? Umekiuza kwa yule wa koti la kijani? Nimechungulia dirishani mwako, nimeziona! Nimekuamini miaka yote hii, ukanitengenezea nakala, ukaniletea na utepe!”

Beryl alisimama na birika mkononi. Masikio ya Denzil hayakuwa mekundu. Uso wake ndio uliopoteza rangi, taratibu, kuanzia kwenye paji.

“Nimeiba?” alisema. “Mimi?”

“Kiko wapi?”

Hakubisha. Alivuta kitabu kwake, akafunua jalada, akaonyesha kwa ukucha tundu dogo la mdudu lililotoboa jalada na kupita kurasa saba, likipinda kidogo kushoto. Hilary alilijua tundu lile kama anavyojua kovu la goti lake. Hakuna fundi awezaye kuliiga.

“Ni chenyewe,” Denzil alisema. “Nimekisafisha tu.”

Akaeleza, mzee wa watu, akimtazama Hilary na si mgeni. Kwamba alipokifungua ili akishone aliona aibu. Mtu wa chuo kikuu aje kutoka mbali akute kitabu kimechorwachorwa na mtoto asiye na adabu! Mabwana zake wa London wasingekishika hata kwa koleo. Basi akafanya kama alivyofundishwa akiwa mwanafunzi wa kazi. Penseli huondolewa kwa makombo ya mkate mkavu, unasugua polepole, siku mbili nzima, hupati mkwaruzo. Kisha akakifumua, akaziogesha kurasa kwa dawa, akaanika, akazikandamiza kwenye shinikizo mpaka hata mifereji ya penseli ikalala. Bwana wa koti la kijani alikuwa rafiki wa zamani. Alimletea uzi wa kitani wa aina inayostahili.

“Nilitaka iwe siri,” alisema. “Zawadi. Wewe unakipenda kuliko vyote, nikasema siku moja ukione kama kilivyotoka kwa mchapaji.”

Kila Hilary alipotoa mhadhara kuhusu Kezia, katika chumba hikihiki, mbele ya viti vilivyojaa, Denzil alikuwa wapi? Jikoni na Beryl, akiosha vikombe vya wasikilizaji. Hakuna siku iliyomjia akilini kumwambia njoo uketi. Yote aliyoyajua duniani kuhusu mtoto yule alikuwa amewaambia wageni.

“Kwa hiyo,” Daktari Slade alisema polepole, “maandishi tuliyokuwa tukiyabishania yamefutwa wiki ileile niliyokuwa nakuja kuyapima.”

“Sikujua,” Hilary alisema. “Nakuapia. Nina picha zake, unaziona hapa, ukurasa kwa ukurasa.”

“Picha zinaonyesha kuwa penseli ilikuwapo, Bi Pargeter. Hilo halikuwa na ubishi. Swali lilikuwa nani aliishika.”

“Mimi ndiye niliyefuta,” Denzil aliingilia. “Hakunituma mtu. Yeye mwenyewe si umesikia ananiita mwizi?”

“Nimesikia. Ni uungwana wako kusema hivyo, Bwana Rudge.”

Watu wa huku wanapokusifu uungwana kwa sauti ile, ujue hawakuamini hata kidogo. Hilary alimtazama yule mwanamke akizipanga dalili moja moja kichwani: kitabu kupelekwa kwa fundi wiki hii, fundi kuwa rafiki, kelele za wizi mbele ya shahidi. Zilipangika vizuri, kama mikate na utepe na dirisha vilivyompangikia yeye. Mkuki kwa nguruwe. Angesema nini ambacho Denzil hakukisema Alhamisi pale mlangoni? *Niamini*?

Daktari Slade aliirudisha lenzi mkobani bila kuitumia. Alisema chai ilikuwa nzuri sana. Alisema kuna treni ambayo hangependa kuikosa, na kwamba ataandika. Beryl alimsindikiza hadi mlangoni bila kumwomba radhi kwa mvua, na hilo kwa Beryl ni tusi zito.

Wawili walibaki mezani na kitabu cheupe katikati.

“Ulidhani nimeiba,” Denzil alisema.

“Nilidhani. Nisamehe. Sina neno la kujitetea.”

Denzil alitikisa kichwa taratibu, kama anayepima uzito wa kitu. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na huzuni isipokuwa kurudi kazini, akakivuta kitabu tena. “Hakikukamilika, hata hivyo. Kuna kasoro moja ilinishinda. Hapa, pembe ya jalada. Panya, nadhani. Nipe hadi Jumatano, nikiweka kijipande cha ngozi na gundi hutaiona tena.”

“Usiiguse!”

Alishtuka, akarudisha mkono. Hilary alikuwa amekinyakua kitabu akakikumbatia kifuani. Akaenda nacho dirishani kwenye mwanga, akatoa lenzi yake ya zamani mfukoni. Miaka yote hii na yeye aliamini ni panya. Macho yake yalikuwa kwenye penseli tu. Lakini panya huguguna, huacha mikwaruzo. Hapa palikuwa pamebonyea. Alama moja pana, nafasi tupu, alama nyingine ndogo, na upande wa pili wa jalada safu nzima, vimeno kama punje za mchele.

“Njoo uone,” alisema.

Denzil alivaa miwani yake juu ya miwani yake nyingine. Aliangalia kwa muda mrefu.

“Meno,” alisema. “Ni mtoto.”

“Aliitwa Kezia. Baba yake alikuwa mfua misumari.”

“Alikuwa na pengo hapa mbele.” Mzee alitabasamu bila kujijua, akapitisha kidole juu ya lile bonde, taratibu, kama anavyopapasa ngozi kabla ya kuikata. Halafu kidole kikasimama. Tabasamu likaondoka kidogo kidogo.

“Yale maandishi,” alisema. “Yule mama aliyashikilia sana. Nilikuwa nafuta bila kusoma, Bi Pargeter, macho yangu unayajua. Yalikuwa ya huyu?”

Ilikuwa nafasi ya Hilary. Kwa neno moja angemtwisha mzee uzito wote ule, na kwa haki mzee alistahili kuubeba. Mikono ya Denzil ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, myekundu, imechubuka kwa dawa, makombo bado yamenasa kwenye kucha.

“Hapana,” Hilary alisema. “Yale yalikuwa ya mtu mwingine, baadaye sana. Upuuzi tu. Wasomi hawana kazi, hubishania hata takataka. Niliyekuwa namtaka ni huyu, na wewe umeniachia.”

Denzil alimwinulia macho akamchunguza, kwa shaka, kama Hilary alivyomchunguza yeye wiki nzima. Kisha mabega yake yakashuka, akashusha pumzi.

“Basi afadhali,” alisema.

Hilary aliushika mkono ule uliochubuka akaubana. Alikuwa amedanganya, na hakuungua.